Bosi kanipa pepa ya watu niirivyu kwa jina lake, na pepa yenyewe inagusa risechi yangu. Nifanyeje?

binti_bwejuu

Assalaam alaykum wanajukwaa, hasa nyie mlioko vyuoni na kwenye taasisi za utafiti. Naomba ushauri kwa jambo ambalo ofisini siwezi kumuuliza mtu, manake huku kuta zina masikio.

Mimi ni msaidizi wa utafiti pahala fulani hapa Unguja (sitopataja), namalizia masta yangu ya mambo ya mwani, yale maradhi ya ice-ice yanayoufanya mwani uwe mweupe halafu ukatike katike, na joto la maji linahusika vipi. Wiki iliyopita bosi wangu, ambae ndie supavaiza wangu pia, kanirushia pdf kwa WhatsApp akanambia "nitizamie hii, andika maoni kama kurasa mbili, Jumatatu nayatuma". Kufungua, naona ni pepa ambayo jarida moja la nje limemtumia yeye airivyu, yaani aisome na kuikosoa kabla haijachapishwa, na juu pameandikwa kabisa kuwa ni siri asigaiwe mtu. Yaani mimi niandike, yeye atume kwa jina lake, edita hajui kama dunia hii kuna mimi.

Hilo moja. Lililoniondoshea usingizi ni jengine, pepa yenyewe ni ya mwani, ya hapa hapa, na joto la maji. Majina ya waandishi yamefichwa lakini nani asiejua? Wametaja pwani, wametaja kikundi cha kina mama, na ile picha ya vigingi na kamba naijua ni shamba la nani. Nimesoma ikisiri na kurasa za mwanzo nikaifunga, kwa sababu naona wenzangu washafika mbele, wao wameweka vipimajoto vinavyorikodi wenyewe usiku na mchana wakati mimi nilikuwa napima kwa mkono maji yakitoka. Pepa yangu iko nusu, nataka niitume mwezi ujao inshallah. Sasa nikiisoma hii yote, baadae nitajuaje kipi kilikuwa changu na kipi nimekipata kwao? Nikisema isichapishwe si namzibia mtu riziki? Nikisema nzuri, si nishajimaliza mwenyewe?

Mwenzangu mmoja kanambia usijisumbue, itie kwenye ChatGPT ikuandikie maoni, wewe ubadilishe maneno mawili matatu, khalas. Jamani hii ni sawa? Na bosi nimwambieje bila ya kuonekana sina adabu, ni mtu mzuri wallahi, kanisaidia sana, na saini yake ndo nnayoisubiri.

michenzani_tu

Dada punguza presha 😂 kila mtu kapitia huko. Mie supavaiza wangu alikuwa ananipa pepa za kurivyu kila mara na ndo nilivojifunza kuandika. Wewe andika, mpe, yeye ni mkubwa anajua mwenyewe anachokifanya. Na huyo edita asijitie kimbelembele, anafanyiwa kazi bure, wachapishaji wanauza pepa moja dola thelathini na kitu mtandaoni na wewe ulieisoma ukaikosoa hupati hata nauli ya daladala ya Bwejuu.

Hilo la kuogopa kuiba sijalielewa. Kama huibi huibi tu.

mzee_wa_baraza

Waalaykumsalaam mwanangu. Umefungua, umeona, umesita, basi hapo hujaharibu kitu. Michenzani usimpotoshe mtoto wa watu.

Kwanza kabla sijasahau, hariri hio posti yako. Toa ile habari ya kikundi na picha ya vigingi. Wewe mwenyewe unasema pepa ni siri halafu unatusimulia sie sote hapa, na humu wanasoma watu wa kila pahala.

Sasa, hapo pana mambo mawili na watu huyachanganya. Mkubwa kumshirikisha mdogo kwenye kurivyu si dhambi, ni skuli nzuri sana, mie nimewalea wengi kwa njia hio. Dhambi ni kumficha. Kuna hawa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanza Uingereza 1997, na majarida chungu nzima ya dunia yanafuata yanayosema. Wao wametoa muongozo wa wahakiki, yaani hawa wanaorivyu, tokea 2013, na humo wamesema wazi kuwa humshirikishi mtu mwengine, hata awe mwanafunzi wako unaemuamini vipi, mpaka kwanza uliombe jarida ruhusa, na huyo aliesaidia jina lake litajwe ili nae apate haki yake. Kwa hio bosi wako angemuandikia edita mistari miwili tu, nina msaidizi wangu fulani naomba tuifanye pamoja, na aghlabu wanakubali, tena wanafurahi. Badala yake wewe utafanya kazi, sifa ataichukua yeye, na likitokea la kutokea jina lako halipo ila mikono yako ipo.

La pili ni kufanana kwa pepa hio na yako. Hapo hata ruhusa haikusaidii. Muongozo huo huo unasema ukiwa na kazi unayoiandaa inayofanana sana na hio uliyopewa, kataa. Hauulizi kama wewe ni mwizi au si mwizi, unasema kataa tu. Michenzani kasema kama huibi huibi, lakini mwenye kusoma hawezi kukiondoa kichwani alichokisoma.

Nkupe kisa, cha kweli na kimeandikwa sana. Mwaka 1978 kule Marekani dada mmoja akiitwa Helena Wachslicht-Rodbard, kijana bado, yuko kwenye taasisi ya afya ya taifa, NIH, kaandika pepa ya mambo ya insulini kwa wagonjwa wa yale maradhi ya mtu kujinyima chakula mpaka akabaki mifupa. Kaituma New England Journal of Medicine. Jarida likaipeleka kwa Philip Felig, mkubwa wa pale chuo kikuu cha Yale, airivyu. Felig akamkabidhi msaidizi wake, Vijay Soman. Kimya kimya, kama ulivokabidhiwa wewe. Na Soman nae alikuwa anafanya utafiti wa jambo lile lile! Felig akalishauri jarida liikatae. Soman akabaki na nakala, akachukua humo maneno, akachukua na hesabu, akaandika yake, jina la Felig likawemo kama mwandishi mwenza, wakaituma American Journal of Medicine.

Sasa uone kazi ya Mungu. Jarida hilo la pili likaipeleka pepa irivyuliwe kwa bosi wa yule dada, na yule bosi nae, mana ndo mchezo wao, akampa dada aisome. Akakaa chini, akafungua, akakutana na maneno yake mwenyewe.

Akapiga kelele, wakubwa wakataka kuyamaliza kimya kimya, akakataa. Mwaka 1980 akatumwa mkaguzi kwenda kutizama data za Soman, ikaonekana zimechezewa. Soman akaacha kazi, pepa kadhaa zikafutwa, na Felig ambae ndo kwanza alikuwa kahamia chuo kikuu cha Columbia kwa cheo kikubwa akalazimika kukiachia. Felig hakunakili hata mstari mmoja. Yeye alimpa mtu pepa ya watu bila ya kusema, kisha akatia jina lake pahala bila ya kuangalia.

Mpelekee bosi wako kisa hichi ukitaka. Au usimpelekee, itaonekana unamfundisha 😄

binti_bwejuu

Mzee Mungu akuweke. Nshatoa hayo ya kikundi na picha lakini michenzani keshanijibu, sijui wangapi washasoma.

Hio ya yule dada imenitisha kwa sababu nimejiona pande zote mbili. Ila bado nina suali, hata kama bosi angeomba ruhusa na pepa isingefanana na yangu, mimi huyu alieandika namjua. Tumesoma pamoja, harusi yake nimekwenda. Nikimkosoa halafu nikakutana nae Darajani nitafanya uso gani?

michenzani_tu

Hapo ndo nnapotaka kuwauliza. Zanzibar hii nani hamjui nani? Wa mwani wanajuana, wa pweza wanajuana, wa malaria ndo usiseme. Tukisema kila anaemjua mwandishi akatae basi pepa zetu zote watarivyu Wazungu ambao mwani wanauona kwenye dawa ya meno. Hio sheria imeandikwa kwenye miji ya mamilioni ya watu, haikuandikwa kisiwani.

chake_maabara

Salamu kutoka Chake. Michenzani kwa mara ya kwanza umesema kitu.

Mimi naona tutenganishe kumjua mtu na kuwa na maslahi nae. Kumjua tu hakukuzuii. Kinachokuzuia ni kama ni supavaiza wako au mwanafunzi wako, kama mmeandika pamoja karibuni (majarida mengi yanaweka miaka mitatu, mengine mitano), kama mna fedha za mradi mmoja au mnagombea mradi mmoja, kama ni jamaa yako, na hili watu hulisahau, kama mmegombana. Mtu hukataa kumrivyu rafiki yake kwa kuwa anaogopa kumpendelea, lakini hasimu wake anaipokea pepa yake mbio mbio na kalamu nyekundu mkononi. Na pale pasipoeleweka humwambii mtu mwengine yeyote, unamwambia edita: huyu nadhani namjua, tulisoma pamoja, hatujawahi kuandika pamoja, naweza kuendelea au niache? Yeye ndo ataamua. Akisema endelea, unaendelea na roho yako nyeupe kwa sababu umeshasema.

Na kweli tunahitajika. Mie pepa yangu moja ilirudi na mhakiki, sijui wa wapi, anauliza kwa nini siku zangu za kuchukua sampuli haziko sawa sawa, mara zimekaribiana mara pengo la wiki na zaidi, akaandika kuwa mpango mzima ni wa ovyo. Jamani! Mashamba ya mwani unayafikia kwa miguu bamvua, maji yakikauka mbali. Maji mafu utakwenda kufanya nini, utazame mawimbi? Mtoto wa darasa la tatu wa Tumbe anajua hilo. Nikamjibu kwa adabu, nikatia na jadweli la kupwa na kujaa, ikapita. Lakini angelikuwa mtu wa hapa asingeuliza, na pengine angeliona kasoro ya kweli iliyokuwemo, manake ilikuwemo na yeye hakuiona.

Halafu hilo la kuficha majina. Inafaa, nakubali, ila kwetu ni pazia jepesi. Pepa ikisema Kisiwa Panza tu watu washajua ni nani. Lakini majina yakiwa wazi nako kuna hatari yake. Kuna jaribio la zamani Marekani, Peters na Ceci, walilichapisha 1982. Walichukua pepa 12 za saikolojia zilizokwishatoka kwenye majarida makubwa, wakabadilisha majina ya waandishi na vyuo wakatia vya kubuni visivyojulikana, wakazirudisha kwenye majarida yale yale. Tatu tu ndo zilizogundulika kuwa ni za zamani. Tisa zilizobaki, nane zikakataliwa, na zikaambiwa zina makosa ya utafiti. Pepa zile zile! Watu wamebishana miaka juu ya sababu, wengine wanasema hata zingeachwa na majina makubwa huenda zingekataliwa vile vile kwa kuwa kurivyu kwenyewe ni bahati nasibu. Mie nimeelewa nilivyoelewa, chuo kisichojulikana jina kinasomwa kwa jicho jengine, na sie wa visiwani tunalijua hilo jicho.

mzee_wa_baraza

Hili la kukutana Darajani. Mwanangu, unafanya uso wako huo huo. Hukumwambia kabla na humwambii baada. Humtumii meseji "nimeipata pepa yako". Hata pepa ikishatoka, hujisifu barazani kuwa mimi ndie niliemrekebisha fulani.

Einstein mwenyewe yalimkuta. Mwaka 1936 yeye na Nathan Rosen waliituma pepa Physical Review wakisema yale mawimbi ya mvutano hayapo. Edita akampa mhakiki, mhakiki akaandika kurasa kumi akionesha pana kosa. Einstein akakasirika kweli kweli, akajibu kuwa sikukupa ruhusa ya kumuonesha mtu pepa yangu kabla haijachapishwa, akaiondoa na hakutuma tena pepa ya utafiti kwa jarida lile. Mhakiki alikuwa Howard Robertson, na watu walilijua hilo kwa yakini baada ya miaka mingi sana, rikodi za jarida zilipofunguliwa. Aliporudi chuoni Princeton, alipokuwa anakaa Einstein, hakwenda kumgongea Einstein mlango amwambie ni mimi. Alijenga urafiki na msaidizi wa Einstein, Infeld, wakazungumza hesabu kama watu wanaozungumza tu, akamuonesha kosa lilipo. Einstein akairekebisha, ikatoka 1937 kwenye jarida jengine na hitimisho limegeuka. Jina la Robertson hakulitia kama mhakiki, hakujua.

Basi kuna watu wana kifua.

kikwajuni_it

Mimi si msomi wa huko, nafanya mambo ya kompyuta, ila hili la ChatGPT naomba niligombe kidogo. Ukiitia pepa ya mtu kule umeitoa nje ya mikono yako, imekwenda kwenye seva za kampuni ya watu na hujui itakaa muda gani wala itatumika vipi. Ni sawa na kumtumia mtu baki. NIH hao hao wa kisa cha mzee walipiga marufuku Juni 2023 wahakiki wao kutumia hizi AI kuchambua maombi ya fedha, na sababu waliyoitoa ni hio hio, siri. Majarida mengi nayo yameandika kwenye masharti yao, yasome kabla.

Na kuna kituko chengine. Mwaka 2025 ziligundulika pepa mtandaoni ambazo waandishi walificha maneno humo ndani, meupe juu ya karatasi nyeupe au madogo hata hayaonekani, yanaiambia AI iandike maoni mazuri tu isitaje kasoro. Mwandishi anamfanyia hila mhakiki ambae nae anamfanyia hila edita. Wote wamekaa wanasubiri mashine iwaamulie.

Kurekebisha Kiingereza cha maoni yako mwenyewe sioni ubaya kama jarida linaruhusu na hukunakili maneno ya pepa. Lakini kuitia pepa nzima, hapana.

michenzani_tu

Haya mmenishinda na AI. Ila bado hamjanijibu suala la pesa. Wanatengeneza mamilioni, sie tunafanya sadaka.

bi_mhariri

Nshakaa upande wa uhariri wa jarida dogo (silitaji), nakusoma michenzani nacheka kwa uchungu. Hasira yako ina haki, na sisi tusiokuwa na shirika kubwa nyuma yetu hatulipwi vile vile. Lakini jibu lake ni kukataa, hakuna anaekushika shati. Kataa leo, kwa mstari mmoja. Mimi akikataa mtu siku ile ile namuombea dua. Anaeniua ni yule anaesema ndio kisha anapotea, nakumbusha, hajibu, nakumbusha, "niko safarini", na kule kuna kijana cheo chake kinasubiri pepa hio moja. Mwaka unakwisha. Sijaona watu wakililaumu hilo kama wanavyolaumu wizi, na mie naona madhara yake ni makubwa zaidi kwa kuwa wezi ni wachache na wanaopotea ni wengi.

Nyengine ni hii ya kulazimisha saitesheni, yaani mtu atake pepa zake zitajwe kwenye kazi ya mwenzake. Mhakiki anaandika "mwandishi hakusoma vya kutosha, aongeze pepa hizi", naangalia, zote zake, na mbili hazihusiani kabisa na mada. Huwa nazifuta kabla sijampelekea mwandishi. Kama pepa yako inahusika itaje, eleza inahusika wapi, na utaje na za wengine.

Na waandishi nao wamo. Kuna majarida yanakuuliza upendekeze wahakiki, na watu wanapeana majina, nitaje nikutaje. Mwaka 2014 wachapishaji SAGE walifuta pepa 60 kwa mkupuo kwenye Journal of Vibration and Control baada ya kugundua kundi lililomzunguka mtafiti mmoja wa Taiwan, limetengeneza majina na barua pepe za bandia za wahakiki, na angalau pepa moja mwandishi kajirivyu mwenyewe. Kajisifu vizuri bila shaka.

Sasa nije kwa binti. Wote wamezungumza juu yako, hakuna aliemgusa bosi. Pepa yako ya masta jina la supavaiza si litakuwemo? Basi na yeye ana mgongano ule ule! Hata akiirivyu mwenyewe neno kwa neno bila wewe, bado ni mtu mwenye pepa inayofanana njiani. Kwa hio huendi kumwambia "sitaki kukusaidia", unakwenda kumwambia "sisi wote wawili tuna tatizo". Hapo adabu yako iko pale pale na yeye utakuwa umemuokoa.

chake_maabara

👏 hilo sikuliona. Bi mhariri kalimaliza.

binti_bwejuu

Hata mimi sikuliona wallahi. Nimeandika hii, nisaidieni kabla sijaituma:

"Assalaam alaykum Dakta. Ile pepa ulionipa nimeifungua, nimeona inakwenda sambamba na yetu ya joto la maji, ambayo tumepanga kuituma mwezi ujao ikiwa na jina lako. Nimesoma kurasa za mwanzo tu nikasita. Nahofia ikitoka yetu baadae, mtu akaja kujua kuwa wewe ndie ulieirivyu hii, anaweza kusema tumechukua humo hata kama si kweli. Naona bora tumuarifu edita mapema ampe mtu mwengine. Mimi nakala yangu nimeifuta. Ikija nyengine iliyo mbali na kazi yetu nitafurahi sana kujifunza kwako, ukimuomba edita ruhusa na ukanitaja. Samahani kama nimevuka mpaka."

mzee_wa_baraza

Nzuri. Toa "samahani kama nimevuka mpaka", hukuvuka. Na usimuandikie, mpigie, au mfate ofisini asubuhi kabla watu hawajajaa. Mambo ya heshima ya mtu hayaandikwi WhatsApp. Na kama umesema umeifuta basi kweli uwe umeifuta, na kwenye simu pia, ile folda ya WhatsApp huweka vitu.

bi_mhariri

Mimi ningeliacha neno "bora" nikatia "nnaomba". Yaliyobaki yako sawa. Na hio ya mwisho kuhusu kutajwa usiitoe hata akikunja uso, ndo haki yako.

binti_bwejuu

Nimemfata leo asubuhi. Kanisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo, akasema "umesema kweli, mimi nilikuwa sijaisoma hata ikisiri". Alhamdulillah hakukasirika. Tatizo jipya, anapanda boti ya saa tatu na nusu kwenda Dar, kanambia niingie kwenye akaunti yake ya jarida nimkatalie, "paswedi si ile ile".

michenzani_tu

Ile ile ya nini tena 😂😂 yaani ofisi nzima mna paswedi moja

bi_mhariri

Usiingie! Hata kwa kukataa. Ile imeili ya mwaliko huwa na linki ya kukataa, anabonyeza kwenye simu hata akiwa botini kabla mtandao haujakatika. Ikiwa alishabonyeza kukubali, basi amuandikie edita moja kwa moja, mistari mitatu, aseme sababu ni kazi inayofanana. Asiseme "nina shughuli nyingi", aseme ukweli, kwa sababu edita anahitaji kujua. Na amwambie pia kuwa faili lilipita kwako na ulisoma wapi ukaacha.

binti_bwejuu

Kashaandika, kanionesha. Hilo la faili kupita kwangu hakutaka mwanzo, kisha akalitia. Edita kamjibu hapo hapo, kamshukuru, kamuuliza kama anamjua mtu mwengine wa mwani asiekuwa karibu na kazi hio. Kamtaja mtu wa Pemba.

chake_maabara

Astaghfirullah. Nimepata imeili saa hizi, sitosema ya nini.

Binti, nilisoma posti yako ile ya mwanzo kabla hujaihariri. Yote. Haya nami naingia kumuandikia edita, sijui hata nianzie wapi kumueleza.

michenzani_tu

Nilisema mie, kisiwani huku.